Mbao Mbichi

Fundi alikuwa na uongo mmoja tu nyumbani kwake, na uongo wenyewe haukufichwa kabatini wala chini ya godoro. Ulikuwa nje, nyuma ya karakana, chini ya kipaa cha bati, kila mtu akiupita asubuhi na jioni akienda kuanika nguo. Lilikuwa rundo la mbao.

Seremala anayejiheshimu hununua mbao mbichi. Huzipanga juu kwa juu, akatia vijiti katikati ili upepo upite, kisha huziacha zikauke taratibu. Nyembamba mwaka mmoja, nene hata mitatu. Ukifanya haraka, mlango utapinda na mteja atakurudia na matusi mdomoni. Baba yake Fundi alikuwa na desturi ya kuandika kwa penseli nene, kwenye ncha ya ubao wa juu wa kila mzigo, mwaka alioununua. Fundi aliirithi desturi hiyo pamoja na benchi, misumeno na wateja. Lakini kwa miaka miwili sasa hapakuwa na mwaka mpya. Rundo lilishuka tu, mzigo baada ya mzigo, naye alinunua mbao zilizokwishakaushwa, bei mara mbili, akiwaambia watu kwamba mbao mbichi za siku hizi ni za ovyo.

Watu waliamini. Fundi hakuwa mpiga domo, kwa hiyo nani angemshuku? Mkewe, ambaye alisuka nywele chini ya turubai mbele ya nyumba, alikuwa na vichwa vya watu vya kutosha kumshughulisha. Na binti yao wa pekee, aliyeitwa Kimbau tangu utotoni kwa wembamba wake, hakuruhusiwa hata kulikaribia rundo lile.

*

Jumamosi moja dada yake mkubwa Fundi alifika bila taarifa. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha darasa la pili miaka ishirini na sita. Miezi mitano iliyopita alikuwa amepasuliwa tumbo, akakatwa kipande cha utumbo mpana chenye saratani. Sasa mashavu yalikuwa yamerudi na sauti pia.

"Shikamoo, dada," Fundi alisema, akijipangusa mikono.

"Marahaba. Nipe kiti chenye mgongo. Sikuja kukaa kwenye stuli, nimekuja na maneno marefu."

Aliletewa kiti, akaletewa chai, akaitia sukari vijiko vitatu huku akimtazama wifi yake kwa jicho la usinihesabie. Halafu akatoa bahasha mkobani na kuiweka mezani.

"Hospitali wamenipima damu. Wanasema huu ugonjwa wangu ni wa kurithi. Uko kwenye jeni. Baba alikuwa nao, baba mdogo alikuwa nao, mimi ninao. Na wewe inabidi ukapime."

Fundi alicheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka kucheka. "Baba aliuawa na vumbi la mbao, dada. Baba mdogo hivyo hivyo. Wote walikuwa maseremala, wote walikula vumbi, likakaa tumboni. Hilo tunalijua toka zamani."

"Vumbi."

"Ndiyo."

"Mimi nimeshika chaki maisha yangu yote. Randa siijui inashikwa upande gani. Haya, mimi nilikula vumbi la nani?"

Fundi alifikiri. "La chaki."

Mkewe alikohoa ndani ya kikombe. Mlangoni, Kimbau aliinamisha uso ili asionekane anacheka. Mwalimu alimkazia mdogo wake macho yale yale yaliyonyamazisha watoto wa watu kwa robo karne.

"Usinichezee shere. Nimelazwa wiki tatu. Nimetokea kaburini nikaja hapa kwa miguu yangu, na wewe unanitania?"

"Sikutanii, dada. Ila mimi sina ninachoumwa. Naenda hospitali kusema nini?"

Na ndivyo alivyoshikilia, hata chai ikapoa. Ilikuwa ni ile imani ya vumbi, jamani. Ukoo mzima uliishi nayo. Kwa sababu yake Fundi alijifunga kitambaa kibichi puani kila siku ya kazi, na hakuingia ndani bila kuoga bombani hadi nyuma ya masikio. Kwa sababu yake Kimbau, tangu siku alipokutwa akiwa na miaka mitatu kakaa kwenye maranda huku akijimwagia kichwani, hakuvuka tena kizingiti cha karakana. Leo alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa akimsaidia mama yake kusuka, na alisuka kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Wateja walimkwepa. Jioni alisimama kwenye kizingiti, vidole vya miguu mwisho kabisa wa mstari, akisikiliza.

*

Mwalimu alipoondoka, mke wa Fundi aliweka kikombe chini. Alikwenda nyuma ya karakana, akasimama mbele ya rundo akisoma ile miaka ya penseli, kisha akaita, "Baba Kimbau! Hebu njoo."

Fundi alikwenda.

"Mimi mambo ya mbao siyajui," mkewe alisema. "Lakini kusoma najua. Mwaka jana uko wapi hapa? Na huu tulio nao uko wapi?"

"Nilikwambia, mbao mbichi siku hizi…"

"Usinizungushe. Nimeolewa na wewe miaka ishirini na mmoja. Ukisema uongo unajikuna kiwiko. Sasa hivi unajikuna."

Fundi aliutazama mkono wake kama si wake. Akauteremsha. Aliegemea nguzo ya kipaa, na yale aliyoyabeba peke yake miaka miwili yakatoka kwa sauti ndogo.

"Baba alikufa na miaka arobaini na mitano. Baba mdogo arobaini na mmoja. Mimi nina arobaini na mitatu. Mbao nene zinataka miaka mitatu, mke wangu. Nikinunua leo, atakayezifungua nani?"

Mkewe hakulia. Alikuwa mwanamke wa kukasirika kwanza, machozi baadaye.

"Kwa hiyo miaka miwili mimi nalala na mtu aliyekwishajizika? Nakupikia, nakufulia, nakuuliza umeshindaje, na wewe umekaa unahesabu siku? Umenifanya mjane mimi nikiwa na mume ndani!"

"Sikutaka uogope."

"Nani kakuambia mimi ni mwoga? Mwoga ni wewe. Ungekuwa na hakika ni vumbi ungeacha useremala siku nyingi. Unaogopa hiyo karatasi ya dada yako." Alimshika mkono, ule uliokuwa ukikuna kiwiko. "Jumatatu tunakwenda. Sikuombi, nakuarifu."

*

Chumba cha ushauri kilikuwa na meza moja, viti vitatu na feni iliyozunguka inapojisikia. Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alichukua karatasi, akaanza kuchora ukoo: mwanamume mraba, mwanamke duara, waliougua saratani aliwatia wino.

"Baba?"

"Tumbo. Arobaini na mitano."

"Baba mdogo?"

"Tumbo. Arobaini na mmoja."

"Babu, mzaa baba?"

"Alianguka kutoka juu ya paa. Alikuwa na thelathini na mitatu."

"Maskini. Basi kama alikuwa nao, haukupata nafasi ya kuonekana." Alichora mraba mwingine kwa ajili ya Fundi mwenyewe. Fundi aliutazama, akajikaza, akashindwa.

"Samahani, mama. Huo mraba wangu umekaa upande."

"Baba Kimbau!" mkewe alimfinya.

Muuguzi aliufuta, akachora mwingine kwa rula, akamgeuzia karatasi. "Sasa uko sawa?"

"Sasa niko sawa."

Akaeleza, naye hakuwa na haraka. Mwili kila siku unajitengeneza upya, na katika kujitengeneza unakosea. Ndani yake kumewekwa warekebishaji, kazi yao ni kupita nyuma na kusahihisha. Watu wa ukoo huu, baadhi yao, huzaliwa na upungufu katika kikosi hicho. Makosa yanarundikana, hasa kwenye utumbo, mwishowe yanageuka saratani mapema kuliko kwa watu wengine. Mwenye nao, mwanamume au mwanamke, anaweza kumrithisha mtoto, nusu kwa nusu, kila mtoto kivyake.

"Yaani mtu anazaliwa na fundi mmoja pungufu," Fundi alisema.

"Umesema vizuri kuliko mimi."

Walimtoa damu. Majibu yangechukua wiki sita. Wiki hizo Fundi alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa, akamaliza vitanda viwili, meza ya kulia chakula na rafu za duka zima. Mbao mbichi hakununua.

Wiki ya saba waliitwa. Muuguzi yule yule, feni ile ile. Hakuzunguka mbuyu.

"Unao, Fundi. Ule ule wa dada yako."

Mkewe alimshika goti. Fundi aliogopa, aliogopa kwelikweli, lakini swali lililomtoka halikuwa lile alilolitegemea.

"Na vumbi?"

"Vumbi la mbao si zuri. Linaharibu pua na kifua, kwa hiyo vaa barakoa nzuri, achana na hicho kitambaa. Lakini hili ulizaliwa nalo. Hata ungekuwa mwalimu ungekuwa nalo. Dada yako si huyo?"

Miaka kumi na sita, Fundi alijiambia. Miaka kumi na sita nimemfukuza mtoto mlangoni kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo mlangoni. Na kile chenyewe, kama alikuwa amempa, alimpa kabla hajazaliwa. Alijifunika uso kwa viganja vyake vikubwa.

"Nisikilize," muuguzi alisema. "Kuwa nao si kuumwa. Baba yako hakuwa na mtu wa kumwambia. Wewe unaye. Tutapitisha kamera tumboni, tuone. Tukikuta vinyama tunavikata vikiwa bado vidogo, na tutakuwa tunaangalia kila mwaka. Watu wanazeeka hivyo. Nina wazee hapa wananisumbua kila mwaka na maswali yao."

"Inapitishwa wapi, hiyo kamera?" Fundi aliuliza kutoka nyuma ya viganja.

Muuguzi alimwambia.

"Aa, hapana," Fundi alisema.

"Aa, ndiyo," mkewe alisema.

*

Kuna adha ambazo mtu huzisimulia kwa kujisifu, na kuna ile ya kusafisha tumbo kwa ajili ya kamera. Dawa ilikuwa unga wa kuchanganya na maji, lita nne, wenye ladha ya chumvi na ndimu iliyooza. Kikombe kila robo saa, kuanzia saa nane mchana. Ugumu haukuwa kuinywa. Ugumu ni kwamba nyumba ile ilikuwa na wapangaji wanne na choo kimoja.

Mke wa Fundi alijiteua mlinzi. Alihamisha kiti chake cha kusukia, pamoja na mteja aliyekuwa kasukwa nusu kichwa, akakiweka uani mbele ya mlango wa choo.

"Leo kuna wenyewe," alimwambia kila aliyekaribia. "Nenda kwa jirani. Nenda sokoni. Jizuie, wewe ni mtu mzima."

Saa tisa Fundi alitoka karakana akitembea. Saa tisa na nusu alitoka akikimbia. Saa kumi aliacha kabisa kwenda karakana, akabaki ukutani na kikombe chake mkononi, kajiinamia. Mpangaji wa chumba cha mwisho, dereva wa lori, mtu mwenye mdomo, alisimama na taulo begani akitikisa kichwa.

"Fundi, umekula nini?"

"Sijala kitu toka asubuhi."

"Sasa hicho kinachotoka ni nini?"

"Ni ukoo," Fundi alisema, akakimbia tena. Mteja nusu kichwa alicheka mpaka nywele zikamponyoka msusi mkononi.

Asubuhi yake, hospitalini, walimvalisha joho la kijani lililofungwa kwa kamba mbili nyuma, na kati ya kamba na kamba palikuwa pameachwa uwanja mzima wazi. Walimlaza ubavu, magoti yamekunjwa, uso ukutani. Fundi, ambaye hakuwahi kuvua shati mbele ya mkwewe, alifumba macho akamwomba Mungu asije akamkuta mtu anayemjua.

"Jamani, Fundi! Ni wewe?"

Sauti ya kike, changa, ikitokea upande ule usiofaa.

"Ni mimi," aliujibu ukuta.

"Hunikumbuki? Ulitutengenezea kitanda mwaka juzi, mimi na mume wangu. Daktari, huyu ndiye niliyekuwa nakwambia! Kile kitanda mpaka leo hakijalia hata mara moja!"

"Ahsante," Fundi alisema kwa heshima zote.

"Na si kwamba hatujakijaribu."

Daktari alikohoa. Fundi alisikia mabega yake mwenyewe yakitikisika, akashangaa kutambua kwamba anacheka. Wakamchoma sindano ya usingizi angali anacheka.

Walikuta vinyama vinne. Vitatu vidogo mno. Cha nne kilikuwa kama punje ya haragwe, kimejificha kwenye kona. Vyote vilikatwa palepale. Baada ya wiki mbili daktari aliwaita, karatasi ya maabara mkononi.

"Hakuna saratani. Lakini hiki kikubwa kilikuwa kimeshaanza tabia mbaya. Kingeachwa miaka miwili, mitatu, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

"Mitatu," Fundi alirudia.

"Sasa hakipo. Tuonane mwakani."

Mwakani. Daktari alilitamka kama mtu anayesema kesho, huku akitafuta kalamu yake. Fundi aliliweka neno hilo moyoni akatoka nalo nje. Barabarani mkewe alisimama ghafla, katikati ya watu, akalia. Alilia kwa kelele, yale machozi aliyokuwa ameyaahirisha tangu siku ya rundo, na Fundi akamshikia mkoba mpaka alipomaliza.

*

Jioni ile Fundi alimwita binti yake. Alikuwa amejiandaa kwa hotuba, ila alipomwona kasimama mahali pake pa siku zote, vidole vya miguu ukingoni mwa kizingiti, hotuba ikayeyuka.

"Mama yako amekwambia?"

"Ameniambia."

"Huenda na wewe nimekupa. Nusu kwa nusu. Sikujua, mwanangu. Nisamehe."

"Baba, na wewe si ulipewa? Basi babu naye akuombe wewe msamaha?" Kimbau alichezesha ufunguo wa mlango. "Shangazi amenieleza. Mimi ni mtu mzima, naweza kupima nikitaka. Nimeshamwambia nitapima mwezi ujao, anisindikize yeye. Wewe usije, utamkosoa tena yule mama michoro yake."

"Huogopi?"

"Naogopa. Lakini kama ninao nitakunywa ile dawa ya lita nne, mama atakaa mlangoni. Si nimeona inavyofanyika?" Alielekeza kidevu benchini. "Ninachotaka ni kingine."

"Kipi?"

"Ile randa yako fupi haijanolewa vizuri. Huu mwezi wa pili. Inalia. Ukiisukuma inaanza sawa, halafu mwisho inang'ata mbao."

Fundi alimtazama. Aliichukua randa fupi benchini, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye chuma. Kulikuwa na pengo dogo pembeni, jembamba kama unywele. Yeye mwenyewe hakuwa ameliona.

"Umejuaje?"

"Miaka yote hii nasimama hapa, Baba. Ulidhani nasikiliza redio?"

Fundi alitaka kusema maneno mengi. Alitaka kusema amekosa, na kwamba aliyemfukuza hakuwa yeye bali ni hofu yake. Badala yake alifungua droo, akatoa barakoa mpya mbili ambazo alikuwa amenunua wakitoka hospitali, akamnyooshea moja.

"Vaa vizuri, ibane puani," alisema. "Na jiwe la kunolea liko chini ya benchi."

Kimbau aliivaa. Halafu alivuka kizingiti, mguu mmoja, wa pili, akapita moja kwa moja hadi benchini bila kuuliza kitu kiko wapi.

*

Wiki iliyofuata lori lilirudi nyuma hadi kwenye kipaa cha bati, dereva akiwa yule yule mpangaji wa chumba cha mwisho, akipiga honi kwa sifa. Liliteremsha mbao mbichi, nene, nzito kwa maji, zinazonuka msitu. Mke wa Fundi aliacha kichwa cha mtu akaja kuangalia. Mwalimu naye alikuwepo, kwenye kiti chenye mgongo, akitoa maagizo ambayo hakuna aliyeyafuata.

Fundi na binti yake walizipanga. Ubao, vijiti, ubao, vijiti. Kimbau alikuwa na mkono wa kazi. Vijiti vyake vilikaa kwenye mstari mmoja kutoka chini hadi juu, na Fundi, aliyezunguka rundo mara mbili akitafuta cha kukosoa, alitoka mikono mitupu. Zilipokwisha alichomoa penseli nene sikioni, akampa.

"Andika wewe."

Kimbau aliinama kwenye ncha ya ubao wa juu, akaandika tarakimu nne kwa mkono wa kukaza. Fundi alisogea kusoma, akakunja uso.

"Umekosea. Huu si mwaka huu."

"Sijakosea."

"Sisi huandika mwaka wa kununua. Babu yako aliandika hivyo, na mimi hivyo."

"Wa kununua si tunaujua, Baba? Tupo. Mimi nimeandika wa kufungua."

Fundi alihesabu kimyakimya, midomo ikichezacheza kama mtoto wa darasa la pili, na dada yake alimwona akihesabu na kwa mara ya kwanza akafunga mdomo. Arobaini na mitatu. Na mitatu. Arobaini na sita. Baba yake hakuwahi kuwa na miaka arobaini na sita. Wala baba mdogo, wala babu. Katika wanaume wa ukoo wao, tangu wanaowajua, umri huo hakuna aliyeufikia.

Aliichukua penseli mkononi mwa binti yake. Akaanza na ubao wa pili, akaandika mwaka ule ule. Akaandika wa tatu. Akapiga goti, akateremka ubao kwa ubao hadi wa chini kabisa, kisha akahamia safu ya pili akaanza tena juu.

"Baba Kimbau," mkewe alisema, "kwani ule mmoja hautoshi?"

"Niache," Fundi alisema, bila kuinua kichwa. "Niache niandike."

Na wakamwacha, akaandika zote.